Santuri Zitakazobaki

Mjomba wangu alikuwa fundi cherehani wa Ngamiani, Tanga, na katika mali aliyoiacha hapakuwa na shamba wala nyumba ya kupangisha, bali palikuwa na cherehani yake, daftari la vipimo vya wateja, na kabati la mkongo lililojaa santuri za dansi, ambazo warithi wenzangu waliniachia kwa ridhaa moja, kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyekuwa na nafasi ya kuziweka wala chombo cha kuzipigia. Nimekaa nazo miaka mingi, nikizifuta vumbi na kuzipiga moja moja siku za Idi na siku za wageni. Na sasa, kwa kuwa nimehama nyumba pana na kuingia nyumba ya vyumba viwili, imenipasa kuamua zipi zibaki kwangu, zipi ziende kwa watu wengine, na zipi ziondoke kabisa. Kazi hii si nyepesi kwa mtu anayetaka kuitenda kwa insafu, maana santuri haihukumiwi kwa kutazamwa: kila moja hudai haki yake ya kusikilizwa, upande wa kwanza na upande wa pili, kabla ya hukumu kupita juu yake.

Santuri zenyewe ni za namna mbili. Za zamani zaidi ni zile nyeusi, nzito, zilizofanywa kwa lakiri, yaani utomvu wa mdudu wa Bara Hindi, ukachanganywa na unga wa mawe. Huzunguka mara 78 kwa dakika, hutoa sauti kwa muda wa dakika tatu hivi kila upande, na zikianguka sakafuni huvunjika vipande vipande. Zilipigwa kwa sindano za chuma laini, na desturi ya watu waangalifu ilikuwa kuibadili sindano kila upande unapokwisha, kwa sababu ule unga wa mawe ulikusudiwa kuila ncha ya sindano kabla sindano haijaula mchirizi wa sauti. Kijisanduku cha bati cha sindano hizo kimo bado katika kabati, kimeshika kutu pembezoni, na ndani yake zimebaki sindano chache ambazo hazikupata kutumika. Namna ya pili ni santuri ndogo za mzunguko wa mara 45, zilizotokea Marekani mwaka 1949 na kuenea kwetu baadaye, nyepesi, zenye tundu kubwa katikati. Hizi hazivunjiki kwa urahisi, lakini joto la pwani likizikuta zimelazwa vibaya huzikunja, na santuri iliyokunjika huiyumbisha sauti ya mwimbaji hata akadhaniwa kuwa mgonjwa.

Tabaka la chini kabisa la kabati lilikuwa la dansi ya kumbi za Kizungu: walsi, foksitroti na tango. Katika hizo zimo za Victor Silvester, Mwingereza ambaye alikuwa bingwa wa dansi wa dunia mwaka 1922 kabla ya kuwa kiongozi wa bendi, na ambaye sifa yake kubwa ilikuwa kupiga kwa mwendo uliopimwa, usiozidi wala kupungua, ili mwanafunzi wa dansi asipotewe na hatua zake. Nimezisikiliza kwa heshima, maana vijana wa zamani wa miji yetu walijifunza dansi kwa muziki wa namna hiyo, wakavaa suti na viatu vilivyong'arishwa, wakaunda vyama vyao vya dansi tangu kabla ya vita vya pili vya dunia. Lakini sikukawia kuamua. Muziki huo una wenyewe, na wenyewe wameuhifadhi vizuri katika nchi yao, wala hapana hasara itakayompata mtu yeyote kwa kutoka kwake nyumbani mwangu. Nimempa mwalimu mmoja anayefundisha dansi, ambaye atazitumia kwa kazi ile ile iliyokusudiwa na mwenye kuzipiga.

Santuri za Cuba zilinichukua muda zaidi. Mwaka 1933 kampuni ya His Master's Voice ilianza kuuza Afrika mfululizo wa santuri zilizotiwa herufi GV, nyingi zikiwa nyimbo za Cuba, na haikuchukua miaka mingi rumba ikawa imekaa Kongo na Afrika Mashariki mfano wa mtoto aliyerudi kwao baada ya kulelewa ugenini. Athari yake katika dansi yetu haihitaji kuthibitishwa kwa maneno mengi: mwaka 1948 Salum Abdallah wa Morogoro alianzisha bendi akaiita La Paloma, na bendi hiyo ndiyo iliyokuja kujulikana kwa jina la Cuban Marimba, ikaimba Kiswahili safi juu ya mapigo yaliyovuka bahari mara mbili. Nimebakisha santuri moja tu ya GV, ili mtu atakayekuja kuuliza dansi yetu ilisikia nini kabla ya kusema aweze kujibiwa kwa sauti.

Hapo nikafika kwenye santuri za bendi zetu wenyewe, na hapo ndipo kazi ilipokuwa kazi. Biashara ya santuri za Kiswahili ilikuwa imetangulia dansi, maana mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kutia sauti yake katika santuri, na katika miaka iliyofuata wenye maduka wa pwani, kama Assanand and Sons wa Mombasa na lebo yao ya Mzuri, wakaona kwamba watu wa miji hii hawatoshwi na nyimbo za ugenini. Dansi ilipokuja ikapita katika mlango uliokwisha funguliwa na taarabu. Kila bendi ikajipatia mtindo, na kila mtindo ukapewa jina, hata mtu alipotaja Saboso ilijulikana kuwa anasema Western Jazz, na akitaja Kiweke ni Atomic Jazz ya Tanga, Sululu ni Morogoro Jazz, Msondo ni NUTA Jazz. Chini ya jina la wimbo, kwenye karatasi ya duara iliyogandishwa katikati ya santuri, huandikwa neno moja la kumwelekeza mchezaji: rumba, bolero, cha cha cha, twisti. Mwenye santuri hakuuziwa wimbo wa kusikiliza peke yake. Aliuziwa pia amri ya namna ya kusimama na kumshika mwenziwe.

Ningependa msomaji aichukue mkononi santuri moja ya mzunguko wa 45, ya Atomic Jazz, ambayo mjomba aliiandika jina lake kwa kalamu ya wino juu ya karatasi ya katikati, kwa sababu santuri za dansi ziliazimwa sana kwa arusi na mara nyingi zilisahau njia ya kurudi. Ukiiinamisha chini ya taa utaona jambo ambalo sikio halikuambii. Upande wa kwanza bado ni mweusi, unametameta. Upande wa pili umekuwa wa rangi ya majivu. Sababu yake ni hii: wimbo uliochezwa ukumbini kwa dakika nane au kumi haukuweza kuenea upande mmoja wa santuri, kwa hiyo aghalabu uligawanywa sehemu mbili, ya kwanza ikabeba maneno na masimulizi ya mwimbaji kwa mwendo wa polepole, na ya pili ikabeba ile sehemu ya kuchezea ambayo wapigaji huiita chemko, waimbaji wanapoachia nafasi, gita la solo likaanza kusema peke yake, tumba zikakaza mwendo, na tarumbeta zikaitikiana. Watu waliokuwa na hamu ya kucheza waliuruka upande wa maneno. Waliupiga upande wa chemko mara kwa mara, usiku baada ya usiku, mpaka sindano ikauparua mchirizi, na ile rangi ya majivu ni alama ya nyayo za watu walioshiba dansi ambao hawakuwahi kuandikwa popote.

Mnunuzi wa santuri wa kutoka Ulaya au Marekani, na wapo wengi siku hizi wanaozitafuta santuri za Afrika Mashariki kwa fedha nzuri, angeikataa santuri hii kwa kuwa imechakaa. Mimi nimeibakisha kwa sababu hiyo hiyo. Santuri isiyo na mkwaruzo inaweza kuwa ilipendwa sana na ikatunzwa, na pia inaweza kuwa haikupendwa na mtu. Lakini hii haina shaka ndani yake. Naona kwamba kipimo cha wakusanyaji, ambacho huweka mbele ngozi ya santuri kuliko historia yake, hakifai kuwa kipimo chetu sisi tuliozaliwa katika miji ambayo santuri hizi zilichezewa.

Katika kazi ya kuchagua nilisaidiwa na mpwa wangu, binti wa dada yangu, anayesoma chuo. Alikuja jioni moja akanikuta nimezungukwa na mafungu sakafuni, akanisalimia, kisha akauliza, "Mjomba, kwani hizi zote hazimo kwenye simu?" Swali lake lilikuwa la haki, na nikamwomba tulijibu pamoja: mimi nikawa nasoma jina la bendi na jina la wimbo, yeye akawa anatafuta. "Shida" ya Mbaraka Mwinshehe ilipatikana kabla sijamaliza kulitamka jina lake. "Sina Makosa" ya Les Wanyika vivyo hivyo. Lakini tulipoendelea kushuka katika fungu, kimya kikaanza kuingia kati ya jina na jina. Akawa anasema, "Hii haipo, mjomba," na baadaye, "Bendi ipo, wimbo haupo," na mwisho akawa anatikisa kichwa tu. Kwa njia hiyo mafungu mawili yakajigawa yenyewe mbele ya macho yetu, na mimi nikapata kanuni niliyokuwa nikiitafuta.

Kanuni yenyewe inaumiza, kwa maana inataka mtu aachane na zile anazozipenda zaidi. Mbaraka Mwinshehe, mpiga gita aliyekwenda na Morogoro Jazz hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70, aliyeunda Super Volcano mwaka 1973 na kufariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, akiwa bado kijana, hana haja ya kabati langu. Nyimbo zake zimo redioni, zimo katika mabasi, zimo katika vinywa vya watoto waliozaliwa muda mrefu baada ya mauti yake. Ndugu Wilson na George Kinyonga, waliotoka Tanga hii hii wakaenda kuweka makazi Nairobi na bendi yao ya Simba Wanyika, nao hawatasahauliwa leo wala kesho. Kwa hiyo santuri zao, pamoja na ile ya Les Wanyika, nimezigawa kwa watu ambao najua watazipiga: "Sina Makosa" amechukua mpwa wangu, ambaye ameahidi kununua chombo. Nyumba ndogo haiwezi kuwa nakala ya pili ya kumbukumbu ambayo taifa zima linayo. Nafasi yake finyu ni ya zile ambazo zikitoka hapa hazina pa kwenda.

Na kwa nini ziko nyingi za namna hiyo? Sababu zake ni za biashara na za siasa. Viwanda vya kuchapa santuri vilikuwa Nairobi, si Dar es Salaam, si Tanga wala Tabora. Bendi ya Tanganyika iliyotaka kutoa santuri ilipaswa kufunga safari na vyombo vyake, kutia nyimbo chache kwa siku zilizowekwa, kisha kurudi nyumbani. Kwa upande mwingine redio, iliyoanza kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam mwaka 1951 na kuwa Radio Tanzania mwaka 1965, iliziita bendi studioni kwake na kuzinasa katika kanda, zikawa hazina kubwa ya taifa, ila hazikuwa kitu cha mtu kununua na kupeleka nyumbani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, usifunguliwe tena hadi mwaka 1983, njia ya Nairobi ikawa finyu kwa bendi zilizobaki nyumbani. Basi kuna bendi kubwa ambazo sauti zao ziko salama katika kanda za redio. Na kuna bendi za miji midogo ambazo zilipata safari moja ya Nairobi, zikachapiwa santuri, zikavunjika, na wapigaji wake wakarudi katika kazi za bandari, reli na mkonge. Sauti ya bendi za namna hii haiko pengine ila katika lakiri na plastiki zilizomo ndani ya makabati ya watu.

Lipo fungu lingine ambalo rafiki zangu walinishauri nilitupe bila kufikiri, nalo ni la nyimbo za siasa. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 bendi zetu, nyingi zikiwa chini ya mashirika ya umma, jumuiya na vyama, ziliimba juu ya ujamaa, kilimo, elimu ya watu wazima na ukombozi wa Afrika. NUTA Jazz yenyewe, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Wapo wanaosema kwamba hizo si nyimbo bali ni hotuba zilizotiwa gita. Mimi nimezisikiliza upya, na naweza kusema kwamba ukiyaacha maneno kando utakuta katika baadhi yake upigaji wa gita la rizimu ulio bora kuliko katika nyimbo za mapenzi za bendi zile zile, na ukiyarudia maneno utakuta watu waliokuwa wakiamini kweli yale waliyoyaimba, au wakitamani kuyaamini, na yote mawili ni sehemu ya habari za maisha yetu. Zimebaki. Kadhalika imebaki moja yenye maneno mazito ya kumdhalilisha mwanamke, ambayo siipigi mbele ya watoto wala siipendi. Nimeibakisha kwa kuwa haipatikani mahali pengine, na kwa kuwa wajukuu wetu wana haki ya kujua kwamba hayo nayo yaliimbwa, tena ukumbini, watu wakicheza.

Zile zilizopasuka nimezitenga kwa makini. Santuri ya lakiri iliyopata ufa huigonga sindano kila inapozunguka, yaani mara 78 kwa dakika, na mlio huo wa kugonga hufuata wimbo mwanzo hadi mwisho. Iliyopasuka na ambayo nzima yake ipo kwa wengine nimeiaga. Iliyopasuka na ambayo haina mwenziwe nimeifunga kwa karatasi laini na kuihifadhi, kwa tumaini kwamba ujuzi wa kusafisha sauti, unaozidi kukua kila mwaka, utaweza kuutenga mlio huo na wimbo.

Moja nimeibakisha nje ya kanuni zote, nayo ni ya Salum Abdallah, ambaye ajali ya gari ilimchukua mwaka 1965 katika ukomavu wa kazi yake. Nyimbo zake zimekusanywa na kutolewa tena, kwa hiyo hoja ya uhaba haimhusu. Lakini hii ndiyo santuri ambayo mjomba wangu aliiweka kila alipomaliza kushona suti ya bwana arusi, akaitundika suti ukutani, akakaa, akasikiliza pande zote mbili bila kusema na mtu. Nafsi nayo ina hoja zake, na mchaguzi asiyeipa hata hoja moja atachoka na kazi kabla ya kuifikisha mwisho.

Upo upungufu ambao umenisumbua katika santuri hizi zote zilizobaki, nao hauondoki kwa kufuta vumbi. Karatasi ya katikati hutaja bendi, na mara nyingi mtunzi, na namba ya kiwanda, haitaji wapigaji. Mkono uliopiga gita la solo katika chemko ile iliyochakazwa na wachezaji wa Tanga haukuandikwa jina. Wenye kulijua ni wazee waliokuwamo studioni au waliokuwa wakisimama karibu na jukwaa, na idadi yao hupungua mwaka hata mwaka. Jambo hili halitibiwi na mitambo, wala halingoji taasisi.

Nakuomba basi, msomaji mwenye santuri za dansi nyumbani kwako, uzisimamishe wima badala ya kuzilundika, uziepushe na jua na ukuta wenye unyevu, na za lakiri usizipige kwa sindano ya santuri za 45, kwa kuwa ncha yake ni nyembamba na itazichimba. Na kabla ya kuitoa yoyote, mtafute mzee mmoja katika mji wako aliyepiga muziki huo au aliyeucheza, umwendee juma hili na kalamu, mwisikilize pamoja, umwulize nani alipiga solo, nani rizimu, nani besi, na nani alipuliza tarumbeta, kisha uyaandike majina hayo ndani ya bahasha ya santuri kwa wino usiofutika.